Kioo cha kuchungulia cha kamera kina ukungu: jua uchafu uko upande gani kabla ya kufuta

Ukiweka jicho kwenye kamera ukaona kama kuna moshi, mkono hukimbilia pindo la shati. Uzuie kwanza. Vioo vya kuchungulia ninavyoonyeshwa hapa Mtwara, na vile vinavyotoka Lindi na Kilwa, vingi havikuharibiwa na uchafu wenyewe. Vimeharibiwa na kufutwa vikavu, chumvi na vumbi vikiwa bado juu yake, au na mtu aliyepitisha kidole ndani ya kamera kutafuta uchafu uliokuwa nje.

Hakuna sababu ya haraka, kwa kuwa ukungu wa kioo cha kuchungulia hauingii kwenye picha. Harusi inaweza kuendelea hadi mwisho, ukasafisha kesho asubuhi ukiwa umetulia, mchana, mezani.

Ujue kwanza unachungulia kupitia nini. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo kinachoruka ndani, kuanzia jichoni kuna mpira, kisha kioo cha nje, ambacho nitakiita pia kioo cha jicho. Nyuma yake kuna lenzi ndogo zinazosogezwa na kile kigurudumu cha pembeni, halafu prizimu, kipande cha kioo kinachopeleka taswira jichoni (au vioo vilivyopangwa badala ya prizimu kwenye kamera za bei nafuu). Chini ya hiyo kuna kioo cha fokasi, ambacho taswira hutua juu yake, na chini zaidi kioo kinachoruka unapobonyeza kitufe cha kupiga picha. Kamera ya mirolesi haina prizimu wala kioo kinachoruka. Nyuma ya lenzi ndogo kuna kiskrini kidogo tu. Katika vitu vyote hivyo, unachoruhusiwa kukifuta ni kimoja, nacho ni kioo cha nje.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Piga picha ya ukuta mweupe au anga, uikuze kwenye skrini ya nyuma. Picha ikiwa na ukungu uleule, tatizo liko kwenye lenzi, na maelezo haya hayakuhusu. Picha ikiwa safi, endelea.

Kisha badilisha lenzi, au itoe kabisa huku kamera imeinamishwa. Doa likiondoka pamoja na lenzi, umelipata. Likibaki, liko ndani ya mwili wa kamera au kwenye kioo cha jicho.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini zaidi. Washa tochi ya simu, iweke kwa mshazari pembeni ya kioo cha jicho, uangalie ukiwa mbali kidogo bila kuweka jicho. Uchafu wa nje utauona mara moja, michirizi ya mafuta, alama ya kope, chembe zinazong'aa. Kioo kikionekana kisafi kabisa chini ya tochi na bado ukichungulia kuna moshi, basi kitambaa hakitakusaidia hata ukifuta mpaka jioni.

"Ukungu upo muda wote, picha ni safi"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu zake nazipanga kwa jinsi zinavyojitokeza huku kwetu.

Ya kwanza ni jasho na mafuta ya uso. Mwezi wa Februari, ukipiga picha chini ya turubai mchana, jasho la paji la uso linashuka moja kwa moja kwenye mpira, linaingia kwenye ukingo wa kioo na kukauka pale. Ongeza mafuta ya nazi, poda na losheni. Utando unaotokea ni mwembamba, lakini ukipigwa na mwanga wa upande unatandaza weupe kwenye kioo kizima.

Ya pili ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, hewa ya Mikindani, Msimbati au ufukwe wa Lindi imebeba matone madogo sana ya maji ya bahari. Yakikauka kwenye kioo yanaacha chembe ngumu. Chembe hizo ukizifuta kavu zinakwaruza, na mikwaruzo hiyo haiondoki.

Ya tatu ni ya ukanda huu, na wanaoandika vitabu vya kamera hawaitaji: salfa. Mikorosho inapopuliziwa dawa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, miezi ya katikati ya mwaka, ile poda ya njano inaelea alfajiri nzima kwenye mashamba ya Tandahimba, Newala na Masasi. Anayepiga picha shambani, au anayepita tu na kamera shingoni, huondoka nayo. Poda hii haiyeyuki kwenye maji, inawasha macho, na inafanya fedha na shaba ziwe nyeusi. Kwa hiyo kamera iliyopita kwenye salfa usiibandike jichoni kabla ya kuisafisha, na usiilaze wiki nzima begini ikiwa na poda kwenye viungo vyake.

Ya nne ni mpira wenyewe. Mpira wa zamani hutoa utando mweupe au hunata, na ule unato huhamia kwenye kioo. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET huharakisha mambo, kwa sababu DEET huyeyusha aina kadhaa za plastiki. Ukijipaka dawa ya mbu jioni, nawa mikono kabla ya kushika kamera. Kuna vioo vya jicho vya plastiki vilivyopata alama ya kidole ya kudumu kwa njia hii, na alama ya namna hiyo haina dawa.

Sababu mbili za mwisho ni nadra zaidi. Moja ni utando wa kuzuia mng'ao uliokwisha kukwaruzwa au kuliwa na kemikali. Nyingine ni ukungu ulio ndani, ambao nitaufikia.

Namna ya kusafisha

Vifaa ni vichache. Unahitaji pampu ya upepo ya mpira ya kubonyeza kwa mkono, brashi laini ambayo haijawahi kugusa vipodozi, vitambaa viwili vya maikrofaiba vilivyofuliwa bila sabuni yenye manukato ya kulainishia nguo, vijiti vya pamba vya masikio, na dawa ya maji ya kusafishia lenzi. Dawa hiyo ikikosekana dukani kwa wapiga picha, waulize wauza miwani, lakini soma chupa uhakikishe inafaa lenzi zenye utando. Na maji safi ya kunywa ya chupa, kidogo.

Zima kamera. Toa mpira wa jicho. Kwenye modeli nyingi unasukumwa juu ukiwa umeushika pande zote mbili, kwenye nyingine unazungushwa kama skrubu, na kwenye chache hautoki. Usipotoka kwa nguvu ya vidole viwili, uache. Ukitoka, utaona uchafu umejaa ukingoni, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mpira uoshe kwa maji na sabuni ya kipande, uukaushe kivulini.

Geuza kamera kioo kitazame chini, ubonyeze pampu mara kadhaa ili vumbi lianguke badala ya kuzunguka. Pitisha brashi bila kukandamiza, kisha pampu tena. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate yanatoka pamoja na pumzi. Na tafadhali usipeleke kamera kwa fundi pancha ipigwe upepo wa kompresa. Upepo ule una mafuta na maji kutoka kwenye tangi, na nguvu yake inasukuma vumbi kwenye sehemu zisizofunguka.

Kama ulikuwa baharini au pwani, hatua ya maji haikwepeki. Lowesha kijiti cha pamba kwa maji safi, kikamue hadi kibaki na unyevu tu, kisha kiviringishe juu ya kioo polepole. Usikisugue. Chumvi inayeyuka ndani ya pamba. Tupa kijiti hicho, chukua kingine, rudia. Hapo ndipo kitambaa kinapata ruhusa ya kugusa kioo.

Weka tone moja la dawa ya lenzi kwenye kona ya kitambaa. Kamwe usilidondoshe kwenye kamera, kwa kuwa kioo cha jicho hakijazibwa kuzuia maji kwenye kamera nyingi, na tone linaloingia ukingoni linaishia nyuma ya kioo. Futa kutoka katikati kwenda nje, kwa uzito wa kidole kimoja. Kona zake zifikie kwa kijiti cha pamba kilichofunikwa kwa kitambaa. Kausha kwa kitambaa cha pili, urudi kwenye tochi.

Ukishafuta mara tatu na hali ikabaki ileile, acha. Kufuta mara ya nne kwa nguvu zaidi ndiko kunakomaliza utando wa kuzuia mng'ao.

Utando huo unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaoharibiwa na dawa za nyumbani. Ni tabaka za madini zilizowekwa juu ya kioo, zote kwa pamoja nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Dawa ya meno ni msasa kwake. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha mara nyingi ina amonia. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, thina na petroli huyeyusha plastiki, na vioo vya jicho vingi siku hizi ni plastiki ingawa vinaonekana kama kioo. Tishu zina nyuzi za mti. Maji ya betri, ambayo watu huyasifia kwa kuwa hayana madini, siyapendekezi hata kidogo, kwani kuna maduka chupa yake inakaa rafu moja na asidi, na kitu hiki kinakaa karibu na jicho.

"Ukungu unakuja na kuondoka"

Hapa hakuna uchafu, kuna mvuke. Hewa ya pwani yetu miezi ya joto imebeba maji mengi, na kitu chochote baridi kikitolewa nje hulowa papo hapo. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 au 20 ikitolewa barazani saa tatu asubuhi, kioo cha mbele, kioo cha jicho na hata skrini vinakuwa vyeupe. Anayetoka Newala alfajiri, juu kule kwenye baridi na ukungu wa kweli, akashuka kwa gari lenye kiyoyozi mpaka Mtwara mjini, atayaona hayohayo akifungua mlango.

Usifute. Ukifuta unasambaza tope la vumbi na mvuke, na dakika moja baadaye ukungu umerudi kwa kuwa kioo bado ni baridi. Subiri. Usitoe lenzi pia, kwa sababu ukiitoa, hewa yenye mvuke inaingia kwenye kioo kinachoruka na sensa (kipande kinachonasa picha), navyo ni baridi vilevile.

Kinga ni rahisi. Kabla ya kutoka chumbani, weka kamera kwenye mfuko wa nailoni, funga vizuri, toka nayo, iache ndani ya mfuko nusu saa. Mvuke utageuka matone nje ya mfuko. Njia rahisi zaidi, usiku wa kuamkia kazi, ni kulaza begi chumba kisicho na kiyoyozi.

Kuna mvuke mwingine mdogo, wa pumzi na jasho la jicho, hasa kwa anayebana mpira sana usoni au aliyejifunika pua. Sogeza jicho nyuma kidogo, ukungu utaisha.

Ukungu ukiwa upande wa ndani, na tochi imethibitisha, na saa mbili tatu zimepita haujaondoka, toa betri na kadi. Funga tundu la lenzi kwa kifuniko chake. Weka kamera ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika (chembe zinazofyonza unyevu) vilivyo vikavu, siku nzima na usiku wake. Mchele hausaidii, unaacha vumbi la wanga, nalo ni chakula cha fangasi. Mashine ya kukaushia nywele inalainisha gundi za ndani. Kamera nyeusi ikiachwa kwenye jua la saa sita hupata joto linalozidi mipaka yake. Ukungu wa ndani ukirudi baada ya silika, kuna maji yaliyoingia, na hapo unahitaji fundi.

"Naona vibaya, lakini mwenzangu akichungulia anaona sawa"

Kamera nyingi nilizoletewa zisafishwe hazikuwa na uchafu wowote. Kigurudumu cha kurekebisha macho, kile kidogo pembeni au juu ya kioo cha jicho, kilikuwa kimezunguka chenyewe begini.

Elekeza kamera kwenye anga. Acha kuangalia anga, angalia namba za chini na vialama vya fokasi. Zungusha kigurudumu taratibu hadi namba zikatike vizuri. Kama zilikuwa na moshi na sasa ni kali, umemaliza kazi, rudisha vitambaa begini. Kwenye kamera nyingi kigurudumu hiki kinafidia kiasi kidogo tu, takribani -3 hadi +1 kwa kipimo cha miwani. Mwenye miwani yenye nguvu kuliko hapo atachungulia akiwa ameivaa, na mpira mpana utamfaa.

Namba zikigoma kukatika popote unapozungusha, na mwenzako anaziona, fumba jicho hilo, chungulia kwa jingine. Tofauti ikiwa kubwa, iache kamera. Aliyevuka miaka 40 anaweza kuwa anahitaji miwani ya karibu. Anayeona moshi kwa jicho moja hata akiangalia taa za barabarani bila kamera anaweza kuwa na mtoto wa jicho, nao hutibika kwa upasuaji. Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Naliandika hili kwa uzito wote, kwa sababu mpiga picha anaweza kuisafisha kamera mwaka mzima huku jicho lake likififia.

"Kuna vitone vyeusi na vinyuzi, havitoki"

Vitone vyenye kingo kali, vinavyoonekana ukichungulia lakini havipo kwenye picha, vimekaa kwenye kioo cha fokasi. Vumbi jekundu la barabara za ndani hufika pale kila unapobadilisha lenzi ukiwa wima kwenye upepo.

Toa lenzi, shika kamera tundu likitazama chini, ingiza upepo wa pampu bila ncha yake kugusa kitu. Rudia mara chache. Ikishindikana, vumbi liko upande wa juu wa kioo cha fokasi, ambako pampu haifiki.

Ishia hapo. Kioo cha fokasi ni plastiki yenye nakshi ndogo zisizoonekana kwa macho. Pamba ikiigusa inaacha mkwaruzo utakaouona kila siku ya maisha ya kamera hiyo, na mafuta ya kidole hayatoki. Kioo kinachoruka nacho kina utando wa kuakisi upande wa mbele, tofauti na kioo cha ukutani ambacho utando wake uko nyuma, kwa hiyo kukifuta ni kuufuta huo utando. Vitone vitatu vinavyokukera havipunguzi thamani ya kazi yako. Vizoee, au viache hadi siku kamera itakapokwenda kwa fundi kwa sababu nyingine.

"Naona nyuzi kama utando wa buibui"

Nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka sehemu moja, au mabaka yenye vinyweleo, ni fangasi. Pwani hii ni makazi yake. Mbegu zake zipo hewani kila mahali, zinasubiri unyevu tu, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, gizani, kwenye begi lililofungwa, zinaota. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kamera iliyofungiwa kabatini ikisubiri fedha za korosho na harusi zake inaota fangasi bila mtu kujua.

Angalia kwanza, kwa tochi, kama zipo juu ya kioo cha nje. Zikiwepo, bahati yako; zisafishe kwa utaratibu ule wa juu, kijiti kipya kila mara, uvitupe vyote. Zikiwa ndani, usifungue. Fangasi ikikaa sana hutoa asidi inayokula kioo, hivyo kuwahi ni muhimu, lakini anayepaswa kuwahi ni fundi wa kamera. Wengine hushauri kuianika kamera juani ili fangasi ife. Nyuzi zilizokufa hubaki pale pale, na jua likipita kwenye lenzi linaweza kuunguza mapazia ya shata, yale yanayofunguka kupitisha mwanga.

Kinga yake ni bakuli lililofungwa na silika. Weka kipima unyevu kidogo ndani, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani, au ya bluu inayogeuka waridi, imeshiba maji. Ikaushe kwenye oveni ya joto la chini, nyuzi 110 hadi 120, hadi rangi irudi. Ile ya bluu ina kobalti, iwekwe mbali na watoto na isikaushwe kwenye chombo cha kupikia. Usihifadhi kamera kwenye mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na fangasi huipenda. Na itoe kamera nje mara kwa mara, piga picha japo za nyumbani.

Kamera za mirolesi: skrini ya ndani haiwaki, au ina doa

Mara nyingi tatizo ni kale kadirisha keusi juu au chini ya kioo cha jicho, sensa inayojua kwamba umeweka jicho. Tone la jasho au chumvi likikaa pale, kamera inaamini jicho lipo, inazima skrini ya nyuma. Au haioni jicho kabisa. Angalia kwanza kitufe cha kubadilisha skrini na mwangaza kwenye menyu, kisha safisha kadirisha hako kwa kijiti chenye unyevu mdogo sana.

Doa la njano au jeusi lisilohama, lisilobadilika ukigeuza tochi, ni jua. Kioo cha jicho hukusanya miale kwenye kiskrini na kukiunguza kwa muda mfupi. Ufukweni Msimbati, au juu ya mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kamera ikiwekwa mezani huku kioo cha jicho kinatazama juu, hilo linatosha. Hakuna usafi wa kuondoa doa hilo. Kiskrini kinabadilishwa.

Imemwagikiwa maji ya bahari

Michirizi ya nje tu: zima, toa betri, pangusa mwili wote kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha fuata hatua za chumvi.

Maji yameingia ndani: usiwashe hata mara moja kuona kama inafanya kazi. Umeme ukikutana na maji ya chumvi, saketi zinaliwa ndani ya saa chache. Toa betri na kadi, usiiweke juani, na itafutie fundi siku hiyohiyo. Hapa silika ni ya njiani tu, maana chumvi inabaki hata maji yakikauka.

Kamera za filamu za zamani

Kwa waliorithi za miaka ya 1970 na 1980: mstari mweusi au baka la rangi ya kutu katikati ya unachokiona mara nyingi ni sponji ya juu ya prizimu iliyooza na kula utando wake wa fedha. Haisafishiki. Prizimu inabadilishwa kutoka kamera nyingine ya aina ileile.

Kabla ya kukabidhi kwa fundi

Usifungue kamera yenye flashi ya ndani, wewe wala fundi simu wa jirani asiyewahi kuifungua. Kapasita ya flashi hutunza umeme wa takribani volti 300, na inabaki nao hata betri ikiwa imetoka. Umeme huo unaweza kumwangusha mtu.

Mafundi simu wa mjini wana mikono mizuri, nami nawaheshimu. Ila muulize mambo mawili: umewahi kufungua kioo cha kuchungulia cha kamera, na utatumia dawa gani kusafisha? Akitaja thina, mshukuru, ondoka na kamera yako.

Ikibidi iende Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, ifungashe mwenyewe. Lenzi ibaki nyumbani, kifuniko cha tundu kiwepo. Kadi na betri zitoke. Kamera ndani ya nailoni na kipakiti cha silika, nailoni ndani ya taulo, taulo ndani ya boksi gumu lisiloacha nafasi ya kucheza. Mkabidhi kondakta mkononi, isipande buti pamoja na magunia ya korosho. Ndani ya boksi weka karatasi yenye dalili ulizoziona, kipimo cha tochi kilionyesha nini, dawa uliyokwisha kutumia kama ipo, namba yako ya simu, na ombi kwamba akupigie kabla ya kugusa kioo cha fokasi.